Ubeti wa Aline

Narcisse wa Bukavu hakumaliza masomo yake ya kompyuta. Vita vilifika kabla ya mtihani. Huko ukimbizini Lilongwe akawa fundi, katika chumba kimoja nyuma ya kanisa pale Old Town. Kompyuta yake aliiunga mwenyewe kutoka mbili zilizokufa: mwili wa hii, diski ya ile. Ndani yake mlikuwa na Linux, mfumo ambao mafundi hupeana bure.

Siku moja mama Ernestine alikuja kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka na CD ndani ya kitenge. Mchungaji mmoja alikuwa ameitoa Uvira. Ni kwaya yao ya zamani, ikiimba Pasaka iliyopita. Tangu walipotawanyika wakikimbilia ziwani, mama hakupata habari za binti yake Aline, na hakukubali kuweka matanga.

"Ubeti wa pili, njo yeye anaimbaka," alisema. "Nikimusikia, nitajua iko muzima."

Redio za madukani zilikuwa zimeikataa CD ile. Ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya kompyuta tu. Na kompyuta ya Narcisse ikaiimba kwa kigugumizi: kipande cha neno, kimya, kipande, kimya.

"Hata Bucumi wetu wa sauti ya nne hakukuwa muvivu hivi," mama alisema, na Narcisse akacheka.

Alidhani CD imekwaruzika. Akainakili, ikawa vilevile. Akajaribu spika, nzima. Mwisho akaipa mashine hesabu za nambari kamili, ikazimaliza mara moja. Akaipa za virgule, yaani za desimali, zile ambazo muziki huzihitaji kwa maelfu, ikajikokota kama kabaza, baiskeli ya abiria, kwenye matope. Basi ugonjwa uko hapo. Lakini kompyuta ile ilikuwa na kiungo chake maalum cha hesabu za virgule. Kwa nini kimelala? Akasoma maneno ambayo mashine huyapitisha kwenye kioo inapoamka, akaona: imeamriwa isikitumie. Amri ilikuja na diski, kutoka mashine ya kwanza ambayo kiungo chake kilikuwa kibovu. Hii ya pili ilikuwa bado inatii.

Alipomweleza mama, mama aliitazama ile mashine.

"Kama sisi, mwanangu. Huku hakuna bunduki, lakini mi nikisikia pikipiki, nazima koroboi."

Narcisse akafuta amri, akaiwasha upya. Mama akafumba macho kama mtu anayesali.

Kwaya ikatoka, laini kama maji. Bucumi akasukuma sauti yake chini kabisa, na mama akatabasamu. Ubeti wa kwanza ukaisha. Kisha mwanaume mmoja wa kwaya akasema polepole, maneno ambayo kigugumizi kilikuwa kimeyameza yote:

"Ubeti huu ulikuwa wa dada yetu Aline. Bwana amemupokea. Olga ataimba pa nafasi yake."

Narcisse alinyoosha mkono kuzima. Mama akaushika.

"Acha. Acha batoto bamalize."

Olga aliimba vizuri, kwa sauti nyembamba iliyotetemeka mwishoni.  Wimbo ulipoisha, Narcisse alitamani mashine ile ingebaki na ugonjwa wake.

"Zikomo, asante mwanangu," mama alisema. "Sasa naweza kumulilia."

Akavua kitenge cha kichwani, akakitandika kwenye sementi, akaketi. Narcisse akaketi naye.

Jirani, papa Cyrille, akabisha hodi akitaka redio yake. Narcisse aliufungua mlango kidogo tu.

"Rudi kesho, papa. Hapa kuna kilio."