Mimba Iliyofichwa Hadi kwa Daktari

Miaka ile biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, sikutulia mahali. Nilibeba mitumba kutoka Tunduma, nikauza mjini kwetu, mtaa wa Majengo, na wiki haijaisha nimeshaondoka tena. Nikiwa mjini nililala mtaa wa Chanji, kwa dada yangu mkubwa.

Dada alikuwa na ugonjwa wa lupasi. Viungo vilimuuma, mashavu yalimwiva kwa vipele, na mimba mbili zilikuwa zimeharibika. Damu yake ilipelekwa kupimwa Dar es Salaam, kisha daktari wa kliniki ya mjini akamweleza: kingamwili, ambazo kazi yake ni kupigana na maradhi, kwake zilimgeukia mwenyewe. Zikagandisha damu kwenye kondo la nyuma, mtoto akakosa chakula.

"Ukikosa siku zako tu, njoo wiki hiyohiyo," alimwambia.

Lakini kwetu mimba haitangazwi. Huachwa ijiseme yenyewe. Na nesi wa kliniki ile alikuwa jirani wa mama mkwe wa dada.

Asubuhi moja nilimkuta dada nyuma ya nyumba akitafuna udongo wa kichuguu.

"Dada! Miezi mingapi?"

"Nyamaza, mzururaji wewe." Akapangusa midomo. "Miwili na kitu. Ole wako useme!"

"Twende kliniki sasa hivi, la sivyo nasimama sokoni napiga mbiu."

Alinifuata akinitukana njia nzima. Daktari alimsikiliza, akashusha pumzi.

"Umechelewa, ila si sana."

Akampa vidonge vidogo vya aspirini ili damu isigande, kimoja kila siku, na tarehe za kupimwa presha na mkojo. Hakuahidi kitu. Nesi naye, kumbe, hakumwambia mtu.

Nikaahirisha safari. Mimi nisiyemaliza wiki nilikaa miezi yote iliyobaki, kila asubuhi nikisimama mbele ya dada mpaka ameze. Siku za mwanzo hakunisemesha. Kisha siku moja akaniita kwa sauti kutoka uani. Nilikimbia nikijua mimba imetoka. Akaushika mkono wangu, akauweka tumboni.

"Anacheza."

Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo mno, lakini kilio chake kilisikika hadi nje. Mama mkwe alinung'unika kwamba alifichwa.

"Ulifichwa wewe, mama, na mtaa mzima," dada akamjibu, akininyooshea kidole. "Daktari ndiye hakufichwa, kwa sababu ya huyu mropokaji."

Nimetembea sana tangu hapo. Sijapewa jina jingine lililonipendeza kama hilo.