Mikono Yangu, Zebaki na Matete ya Kwaluguru

Mama zangu wa Magoma, shikamooni. Wadogo zangu, nawasalimu. Naitwa Zaina, wengi wananiita Mama Hawa. Nimezaliwa Vugiri, nikaolewa Kwaluguru, Handeni. Najua mmesikia habari zangu kwa watu. Leo zisikieni kwangu.

Nilikuwa msusi. Wanawake wa machimboni walinifuata nyumbani, wanakaa kwenye mkeka, nawasuka huku tunapiga soga. Mume wangu Rajabu alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu. Mchanga wake aliuosha nyuma ya nyumba, akauchanganya na zebaki, ile dawa inayoshika dhahabu ikawa donge. Donge hilo alilichoma kwenye kikaango, juu ya jiko langu la mkaa. Moshi wake haukuwasha macho, basi sikuuogopa. Maji machafu yaliteremka mpaka kijito tulichokuwa tunachota.

Ugonjwa ulianza mdomoni. Nilisikia ladha ya chuma, kama mtu aliyenyonya sarafu. Fizi zikavimba, nikipiga mswaki natema damu. Mate yakawa yananijaa hadi yanachuruzika kidevuni. Usingizi ukapotea. Nikawa mkali, mwanangu Hawa akidondosha kijiko tu, nafoka mpaka analia.

Kisha vidole vikaanza kutetemeka. Siku moja nilikuwa namsuka mteja, akanishika mkono.

"Mama Hawa, mbona unanivuta hivi? Unaumwa?"

Nikamwambia ni uchovu. Hakurudi tena, na wengine nao wakapungua. Watu walisema nina jini. Nikafukizwa, nikachanjwa chale, nikanywa mizizi iliyonitapisha. Simcheki mtu kwa hayo. Tulikuwa tunatafuta uzima.

Dada yangu Amina, anayeishi Korogwe mjini, alikuja kunitazama. Akanipa chai. Kikombe kilicheza mkononi, chai yote ikanimwagikia kifuani, nikaungua. Amina akanifuta, akamgeukia Rajabu.

"Shemeji, huyu anakwenda hospitali leo."

Daktari aliniambia ninyooshe mikono. Ikatetemeka mbele ya macho yake. Akanipa kalamu niandike jina langu. Nikashindwa kulisoma mwenyewe. Akauliza, "Mumeo anafanya kazi gani?"

"Anachimba dhahabu."

"Donge analichomea wapi?"

Nilimtazama Rajabu. Yeye alitazama sakafu. "Jikoni," akasema.

Mkojo wangu na wa Hawa ulipelekwa Dar es Salaam kupimwa. Kusubiri kule kulinitesa kuliko ugonjwa. Majibu yaliporudi, ya mtoto hayakuwa mabaya, alhamdulillahi. Yangu yalionyesha zebaki imezidi mwilini.

"Daktari, nitapona?"

"Wengi hupata nafuu wakiuacha moshi ule. Siwezi kukuahidi kila kitu kitarudi. Ila nyumba ile usiirudie."

Nje, kwenye benchi, Rajabu alifunika uso. "Zaina, mimi ndiye niliyekupa sumu."

"Hukujua, baba Hawa. Sasa tunajua."

Nilikwenda kwa mama yangu, kule Vugiri. Alinilisha uji kwa kijiko kama mtoto mchanga, na kila nilipomfokea aliniletea kijiko kingine. Usingizi ulirudi kwanza. Fizi zikapoa. Mikono ilichelewa sana, nikakata tamaa. Asubuhi moja nikamfunga Hawa vifungo vya shati, vyote, bila kusaidiwa. Mama alipiga vigelegele hadi majirani wakaja wakidhani kuna posa.

Niliporudi Kwaluguru, Rajabu alikuwa ameshatuhamishia nyumba nyingine na kuanza kulima mahindi. Lakini kijito kilikuwa kilekile, na wenzangu walikuwa bado wanachota. Nikaenda kwa afisa mazingira, nikamwonyesha mikono yangu, nikamweleza. Akaja na mtaalamu wa maji, dada mmoja mpole. Wakapima maji na tope, wakatukataza kuyanywa. Ndipo tukachimba mabwawa ya kina kifupi kwenye njia ya maji ya machimbo, kabla hayajafika kijitoni, tukapanda humo matete na vetiva, majani yenye mizizi mirefu.

Nikamuuliza yule dada, "Kweli majani yatakula sumu?"

"Hayaili ikaisha," akajibu. "Mizizi inazuia tope lenye zebaki, na zebaki nyingine inaingia kwenye mmea na kubaki humo. Kwa hiyo msiwalishe mbuzi majani hayo, na msiyachome, moshi utairudisha hewani."

Basi tunayakata, tunayafukia kwenye shimo alilotuchagulia, mbali na maji. Rajabu ndiye anayefukuza mbuzi. Mtaalamu alipopima tena, maji yanayotoka kwenye mabwawa yalikuwa safi kuliko yanayoingia. Bado hajaturuhusu kuyanywa, na tunamtii; tunachota kisimani. Matete hayakuniponya mimi. Yananipa moyo kwamba watoto wa pale hawatapita nilikopita.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Amina aliyenivuta, mama aliyenivumilia, na mume aliyekubali kuacha kazi yake. Kidole kimoja bado kinatetemeka nikichoka. Kikitetemeka nakipumzisha, basi.

Ndugu zangu, zebaki isiingie jikoni wala kwenye maji yenu. Ukisikia ladha ya chuma mdomoni, au vidole vinakukatalia, usijifiche. Mwambie daktari kazi mnayofanya nyumbani, hata kama mumeo amekaa hapo. Na kama unaogopa kwenda peke yako, niite. Nitakuja, na tutaingia kwa daktari pamoja.