Hakusahau Maneno

Mtu akisema mbele yangu kwamba mwimbaji wetu alisahau maneno, chai yangu naiweka chini. Siku hizi wanaosema hivyo ni wazee wenye mvi, na wengi wao hawakuwa hata ukumbini siku ile, lakini wanasimulia kana kwamba walishika maikrofoni wenyewe. Sisamehi. Nimeokoka, namwogopa Mungu, na bado sisamehi.

Mjue kwanza kwamba mimi nilikuwa shabiki wa yale mashindano kabla hayajatukosea. Hiyo ilikuwa miaka ya sabini ikielekea kwisha. Tulikaa nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, upande wa Makadara, na mchana nilishona kola za mashati katika kiwanda kimoja cha Industrial Area. Televisheni ya mtaa ilikaa ukumbini ndani ya kabati la mbao, na ufunguo ulikuwa kwa mlinzi wa ukumbi, mtu aliyejiona waziri. Kila mwaka kanda ya mashindano ya nyimbo ya mataifa ilipofika kutoka ng'ambo, ilionyeshwa Jumapili alasiri, na mimi nilikuwa nimeshaweka leso yangu kwenye benchi la pili tangu ibada ilipokwisha.

Nilipenda kila kitu. Nilipenda yule mtangazaji wao aliyebadilisha gauni kila mara kama anayejaribu nguo dukani, na majaji waliokaa na vibao vyao vya alama, nyuso zimekauka. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, kwa hiyo kila mtu alichagua rangi ya gauni aliyoitaka na kuipigania. Kulikuwa na wanaume wa viatu vyeupe walioimba wakilia machozi yasiyoshuka. Kulikuwa na nyimbo zisizo na maneno kabisa, la la la mwanzo hadi mwisho, na zilipata alama tele! Nilikuwa nikimwambia mume wangu, hawa watu wanahitaji kuletwa kwetu wasikie wimbo.

Kwetu wimbo ulikuwapo. Tulikuwa na kikundi cha akina mama, mchanganyiko wa kina sisi tuliotoka Murang'a na wenzetu waliotoka magharibi, wake wa reli, wake wa kanjo, wauza mboga. Mwenzetu mmoja akijifungua, tulikwenda kumwona na unga, makaa na chupa za uji. Na hatukuingia hivihivi. Mwimbishaji alisimama nje ya mlango akaimba: "Hodi wenye nyumba, uji nimebeba." Halafu akainama kidogo, sikio mlangoni, akangoja. Wenye nyumba waliitikia kutoka ndani: "Karibu uingie, mtoto anakungoja." Ndipo aendelee na ubeti wa pili. Walio ndani walikuwa na haki ya kumchelewesha kwa utani, acheke, abembeleze, aahidi na sukari. Lakini yeye hakuwa na haki ya kuendelea kabla ya kuitikiwa. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na kila mtoto wa mtaa wetu aliijua.

Mwimbishaji wetu alikuwa mama aliyekaanga samaki karibu na geti la mtaa. Mumewe alikuwa fundi wa reli. Akipaza sauti ile ya hodi, hata mafuta ya samaki yalinyamaza. Tulipoimba mbele ya watu, sisi tulikuwa waitikiaji wake, mahali pa wenye nyumba, na mimi nilikuwa mmoja wa wale waliosimama karibu naye kila tulipoitwa kuwaimbia wakubwa juani siku za sikukuu.

Ni katika jua hilo tuliposikiwa na bwana mmoja wa kamati. Nchi ilikuwa imealikwa kupeleka mwimbaji kwenye mashindano, kwa mara ya kwanza, na kamati ilikuwa inatafuta wimbo. Alikuja ukumbini kwetu na suti ya kijivu, akatusikiliza, akapiga makofi. Akasema wimbo ukifanya vizuri huko utatiwa kwenye sahani ya santuri, upigwe redioni dunia nzima. Nakwambia hatukulala. Kisha akarudi wiki iliyofuata akasema anayekwenda ni mmoja.

"Na hawa?" mwimbishaji akauliza, akitugeukia.

"Hawa ni wa nini? Mwimbaji si ni wewe?"

"Hapana mzee. Hawa ndio wenye nyumba. Mimi ni mgeni tu, nimesimama nje."

Bwana akacheka. "Mama, huko kuna watu wa kuitikia. Wamesomea muziki."

"Watajua kunikaribisha?"

"Kama hawatajua, utaimba zote wewe mwenyewe. Ni dakika chache tu."

"Sawa, mzee," akasema. Tukamsikia sote akisema sawa.

Nafasi kwenye ndege zilikuwapo, msidanganywe. Alikwenda bwana wa kamati na mkewe. Alikwenda shemeji yake, ambaye hajui kuimba hata wimbo wa taifa bila kuangalia midomo ya wenzake. Alikwenda binti wa mkubwa fulani aliyekuwa na likizo. Wote hao waliandikwa kuwa msafara wa wimbo wetu. Sisi tuliokuwa nusu ya wimbo tulibaki tukimpungia mkono getini.

Mama wa nyumba ya kona, ambaye ulimi wake ulikuwa na pilipili, akasema, "Haya basi. Mtu apige hodi, ajikaribishe, ajipikie na chai."

Tulicheka kwa uchungu. Mimi hata hivyo nilikuwa nimemshonea gauni, usiseme gauni, kazi ya mikono yangu, yenye mikono mirefu na lesi shingoni, kwa sababu alisema huko kuna baridi. Nilijiambia, hata kama sauti yangu haikwenda, angalau sindano yangu imekwenda.

Jumapili ya kanda ilipofika, ukumbi ulijaa hadi madirishani. Msafara wenyewe ulikuwa haujarudi. Tulisikia wamebaki huko kununua vyombo. Kwenye kanda, sauti ya mtangazaji wetu wa hapa Nairobi iliwekwa juu ya picha, ikitueleza mambo tuliyokuwa tunayaona kwa macho yetu.

Zikapita nchi nyingine, na sitawadanganya, siku ile sikuzisikia. Halafu akatokea yeye. Ukumbi ukapiga kelele, kisha ukanyamaza kwa namna mbaya. Walikuwa wamemvisha kitambaa cha madoa ya chui na manyoya kichwani! Mama wa watu, mkaanga samaki wa Makadara, Mkristo, mke wa fundi wa reli, chui amemjua wapi? Gauni langu lilikuwa wapi? Mume wangu akanishika mkono maana alinijua.

Muziki ukaanza, fidla nyingi, zikicheza hodi yetu kama wimbo wa bendi ya harusi. Akafungua mdomo. Sauti ilikuwa ileile.

"Hodi wenye nyumba, uji nimebeba."

Akainama, akatega sikio. Akangoja.

Hakuna aliyeitikia. Fidla zikaendelea. Nyuma yake kulikuwa na wasichana wamejipanga kwa gauni moja, waliosomea muziki, wakitabasamu. Hawakuwa na habari. Yeye hakusogea. Niliyaona macho yake, yalikuwa yametulia kabisa, macho ya mtu aliye mlangoni anayejua ndani kuna watu. Ndipo nikaelewa kwamba ile "sawa, mzee" ilikuwa ya kumpisha mzee njiani tu. Hakukubali kuchukua sehemu yetu. Alituachia, mbele ya dunia nzima, pale pale ilipokuwa siku zote.

Na katika nafasi hiyohiyo, nafasi yetu, mtangazaji wetu wa hapa nyumbani akatia sauti yake: "Watazamaji, poleni sana. Inaonekana dada yetu ameshikwa na woga, amesahau maneno."

"Nani huyo anaongea ndani ya wimbo wetu?" mama wa nyumba ya kona akafoka. "Mwambieni anyamaze!"

Mwimbishaji, kwenye kioo, akarudia ubeti uleule wa kwanza. Hivyo ndivyo inavyofanywa. Usipoitikiwa, unapiga hodi tena. Safari hii mama wa kona alikuwa ameshasimama, na mimi nimesimama, na kina mama wote wa kikundi wamesimama, na tukaitikia. "Karibu uingie, mtoto anakungoja!" Tuliitikia kabati la mbao. Tulijua ni kanda, tulijua yaliyokwisha yamekwisha, na bado tuliitikia kwa nguvu hadi mlinzi wa ukumbi akaja mbio akidhani kuna vita. Wanaume wakaingia. Watoto wakaingia. Vijana waliokuwa nje wakicheza karata wakaitikia kutoka dirishani. Mtangazaji aliendelea kuomba radhi na hatukumsikia.

Lakini yeye pia hakutusikia. Aliinama vilevile, sikio limetegwa, na fidla zikamwacha zikaenda zao mpaka zikafika mwisho. Taa zikapunguzwa akiwa bado amesimama hivyo. Hakufika ubeti wa pili.

Majaji wakainua vibao. Sitasema alama, aibu si yangu. Jaji mmoja alimnong'oneza mwenzake wakacheka, na nikamwambia yule jaji, kupitia kioo, maneno ambayo mwanamke aliyeokoka hayasemi. Ushabiki wangu uliisha hapo. Wale watu walimpa alama tele mwanamume wa la la la, na mwanamke aliyewabishia hodi mlangoni mwao hawakujua hata kwamba walikuwa wanasemeshwa.

Lakini hao ni wageni, na mgeni hajui. Hasira yangu kubwa ni ya huku. Kesho yake magazeti yaliandika alisahau maneno. Kiwandani msimamizi, mtu wa kwetu kabisa, aliyelelewa na mama aliyekwenda kuona watoto wa wenzake, akanipitia kwenye cherehani akicheka: "Rafiki yenu ametuaibisha. Kwani wimbo mfupi hivyo unasahaulikaje?" Bwana wa kamati alihojiwa akasema waliwahi kumwonya afanye mazoezi. Mazoezi! Mitaani watoto waliosahau salamu waliambiwa wamekuwa kama mama samaki.

Alirudi katikati ya wiki. Magari ya kamati yalipita yakiwa yamejaa makatoni, likamshusha moja barabarani, hata getini halikuingia. Mumewe alikuwa zamu. Sisi tulikuwa tumejifungia nyumbani kwake, tunampikia, kwa sababu hatukutaka arudi kwenye jiko baridi. Tukasikia viatu. Vikasimama nje.

Ilikuwa nyumba yake mwenyewe, na ufunguo alikuwa nao.

"Hodi," akasema. Hakuimba, alisema tu.

Tukatazamana. Mama wa nyumba ya kona, yule wa pilipili, akaanza yeye, nasi tukafuata kwa sauti ya kuondoa mabati: "Karibu uingie, mtoto anakungoja!" Kisha tukanyamaza, tukangoja ubeti wa pili, kama ilivyo desturi. Chungu kilikuwa kikichemka.

"Mmechelewa," akasema.

Nikafungua mlango. Alikuwa amesimama na sanduku mkononi, na gauni langu amelikunja kwenye mfuko wa karatasi, pini bado ziko shingoni. Hakuwa analia. Sisi ndio tuliokuwa tunalia.

"Tuliitikia, dada," nikamwambia. "Jumapili, ukumbini. Mtaa mzima uliitikia. Uliza mtu yeyote."

"Najua," akasema. "Nilijua mngeitikia. Ndiyo maana niliwangoja."

"Basi ingia. Umeshaitikiwa, ingia."

Akaingia, akaweka sanduku chini, akafunua chungu akaangalia, akaongeza chumvi.

"Hapa nimeingia," akasema. "Kule bado nimesimama mlangoni."

Hakuimbisha tena. Watoto wengi walizaliwa mtaani kwetu baada ya hapo, na tuliwapelekea uji tukiingia kimya kama watu wa kusoma mita za maji. Na bado kuna mtu anakaa mbele yangu, anakunywa chai yangu, ananiambia alisahau maneno.