Samaki wa Kumwitia Tai

Wote walikuwa wanatazama juu. Hilo nitalisema mpaka nizikwe. Watu wazima, wengine wana wajukuu, wamesimama kwenye jukwaa la mbao na madarubini machoni, wanamtazama tai anavyoshuka. Na mimi niko chini yao, maji kiunoni, nimemshika wifi yangu kwapani namvuta huku, kitu kinamvuta kule. Hakupiga kelele ndefu. Alisema, "Wifi, usiniachie." Mara moja tu. Halafu maji yakajigeuza, nikaona tumbo la mnyama, lina rangi ya maziwa yaliyoharibika, na mkia ukanipiga mkono wa kushoto nikasikia mfupa unalia ndani. Vidole vikafunguka vyenyewe. Mkono uliovunjika haushiki mtu.

Kule juu wakapiga makofi. Siongezi chumvi. Tai alikuwa amemnyakua samaki wake, picha zimetoka, wakapiga makofi. Ndipo mama mmoja akashusha darubini yake akatutazama sisi.

Sasa nirudi nyuma, maana yaliyosemwa baadaye ni mengine kabisa.

Mimi ni mama lishe, napikia pale Mkuyuni. Wifi yangu ni mdogo wa marehemu mume wangu. Kaka yake alipofariki ndugu walimwambia arudi nyumbani kwa mama yake, huko karibu na Bujora, akakataa. Alisema, "Nikiondoka, huyu nani atamwambia kwamba mchuzi wake hauna chumvi?" Akabaki kwangu, yeye na binti yake, tukawa tunasukuma maisha pamoja. Mimi jikoni, yeye kwa wateja, kwa sababu mdomo alikuwa nao.

Dereva mmoja anayekula kwangu ndiye aliyetuletea hiyo kazi. Kuna kambi iko ndani ya hifadhi ndogo kando ya ziwa, ng'ambo kwa kivuko, na wageni wanakuja kutazama ndege kuanzia Ijumaa mpaka Jumapili. Mpishi wa kambi anaumwa. Wifi akacheka mpaka akakaa chini.

"Mtu anatoka Dar es Salaam, analala kwenye hema, kisa yangeyange? Si aje soko la samaki la Mwaloni hapo Kirumba asimame tu? Makorongo yatamnyea bure."

"Wewe twende," nikamwambia. "Utawacheka ukishapakua."

Tulifika Ijumaa mchana. Msimamizi wa kambi alitupokea, shati limenyooshwa, redio ya upepo inaning'inia kiunoni. Akatusomea masharti kama katekista. Tusiongee kwa sauti, tusitupe maganda hovyo, tusivae nguo nyekundu, ndege wanashtuka. Wifi alikuwa amejifunga kanga nyekundu. Akaivua, akaikunja, akaninong'oneza, "Ndege anayeogopa kanga huyo ana dhambi zake."

Wageni walikuwa watu wazuri, siwezi kuwasingizia. Wazungu wachache, waliobaki Watanzania wenzetu wenye kazi zao, na mama mmoja Mhaya, mwalimu mstaafu kutoka Bukoba, ambaye tulimpa shikamoo naye akatuitikia kwa kutushika mikono na unga wetu. Wengi walikuwa watu wa umri, magoti mabovu.

Jumamosi asubuhi walipelekwa na boti kumtafuta tai wa samaki. Injini ikawazimikia kwenye magugumaji, wakarudi jua la utosi, wamenuna, hawajamwona vizuri. Msimamizi na kijana wake wa kuwaonyesha wageni ndege, mwongoza ndege wanamwita, wakasogea pembeni ya jiko wakabishana. Mwongoza ndege alikuwa kijana mwembamba, kofia ya majani, majina ya ndege yote anayo. Nilimsikia msimamizi akisema, "Basi mwite hapa hapa. Watu wamelipa kumwona tai, watamwona tai." Kijana akajibu, "Bosi, pale si tulisema tumeacha?" Bosi akasema, "Tumeacha lini? Wageni hawa wanaondoka kesho."

Sikuelewa wanaongelea nini. Jioni nikaelewa nusu.

Mbele ya jukwaa walikuwa wameng'oa magugu yote, maji yamebaki wazi kama uwanja. Kijana akachukua sato wadogo, akawapasua tumbo, akawajaza vipande vya bua la funjo ili waelee. Akapiga mluzi mara mbili, akarusha. Tai akatoka kwenye mti wake, akaja chini, makucha mbele, akachukua. Kweli ilikuwa kitu cha kuona. Hata mimi niliacha sufuria.

Mama wa Bukoba akamwita wifi. "Njoo mwanangu, tazama na wewe. Usiogope, haiumi."

Wifi akaweka darubini machoni, akaizungusha, akampata tai kule kwenye tawi. Akashtuka. "Yesu! Wifi, njoo uone! Ananikodolea kama mama anapouliza chenji ya sokoni!" Wageni wote wakacheka, hata wasiojua Kiswahili. Alikaa na ile darubini mpaka nikamwita mara tatu kuja kumenya ndizi.

Sasa sikia. Tai alichukua samaki mmoja. Wengine walibaki wanaelea, na mmoja mmoja wakawa wanazama, wanavutwa chini, kimya, maji yanafunga. Wifi aliona. Akamuuliza kijana, mbele yangu, "Kaka, na hao wengine nani anawala?"

Kijana akatazama maji, akatazama pembeni. "Kambare," akasema. "Ziwa lina wenyewe."

Kambare.

Usiku ule mota ya kusukuma maji iliungua. Asubuhi ya Jumapili bomba la jikoni likatoa pumzi tu. Nikamwendea msimamizi, nikamuuliza kisima cha kijiji kiko wapi. Alikuwa anapiga mswaki. Akasema, "Mama, kisima ni mbali, na wageni wanataka chai kabla ya tai. Chota hapo chini ya jukwaa. Ndiyo masafi, tumetoa magugu wenyewe."

"Ni salama?"

"Mama, mimi nakwambia chota."

Haya ndiyo maneno yake. Sikuyaota. Wifi alikuwepo, lakini wifi hawezi tena kusema.

Tulishuka na ndoo. Pembeni kuna tope, kwa hiyo ukitaka maji ya chai lazima uingie kidogo. Wifi aliingia kwanza, na gauni lake, na kilemba chake kichwani, mimi nikafuata. Alikuwa ananiambia kwamba akirudi mjini atawatangazia wateja kwamba amemtazama tai machoni na tai ndiye aliyeangalia pembeni. Juu yetu wageni walikuwa wanajipanga. Nikasikia mluzi, mara mbili. Samaki akapita juu ya vichwa vyetu, akaanguka mbele.

Kijana aliyerusha alikuwa juu ya jukwaa. Alituona. Huwezi kurusha samaki juu ya vichwa vya watu viwili usiwaone.

Yaliyofuata nimeshayasema.

Aliyenitoa majini ni yule mwalimu mstaafu. Aliruka na viatu vyake, mwanamke mwenye magoti mabovu, akanikamata kwenye ukosi akanivuta hadi kwenye tope, huku analia kwa Kihaya. Mwongoza ndege alibaki pale juu ameshika ndoo ya samaki. Msimamizi alikuja mbio, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Wageni warudi kwenye mahema tafadhali." Neno la pili, akiwa amesimama juu yangu nami natapika maji, lilikuwa, "Nani aliwaruhusu kuingia majini?"

Wanakijiji ndio waliotafuta, na mitumbwi yao. Msimamizi boti yake ilikuwa mbovu. Walimpata mchana kwenye mafunjo. Kilichopatikana ndicho tulichokizika, na hapo naomba nisiulizwe zaidi.

Katika mtumbwi wa mwisho alikuwemo mwanamke wa pale, anayeuza nyanya. Alikuja akanikalia karibu nikisubiri gari la hospitali. Akaniuliza, "Dada, nani aliwatuma pale?"

Nikamwambia.

Akaweka mkono mdomoni. "Sisi pale hatuchoti. Tuliacha tangu mbwa wa mlinzi alipochukuliwa. Mamba amezoea vyakula vya huyo kijana, akisikia mluzi anakuja kama kuku. Tulikwenda kuwaambia. Hata bwana wa hifadhi alikuja na sare na pikipiki yake, akawakataza."

Kwa hiyo walijua. Nataka msomaji alishike hili. Alijua aliyepiga mluzi. Alijua aliyeniambia nichote. Alijua na mwenye sare aliyewakataza kwa mdomo, akapanda pikipiki yake akaondoka, asirudi kuangalia kama wameacha. Watatu hao. Waliokuwa hawajui ni sisi wawili na wageni.

Tulimzika kwao, nyumbani kwa mama yake. Mkono wangu ulikuwa kwenye plasta, wanawake wengine ndio walionifunga kanga. Msimamizi alikuja na gari, ameleta mchele na sukari, watu wakamheshimu, wakampa kiti mbele. Akapewa nafasi ya kusema. Akavua kofia. Akasema kambi imeguswa, marehemu alikuwa mcheshi, na ni bahati mbaya kwamba alikwenda kuoga asubuhi sehemu isiyoruhusiwa bila kumwambia mtu.

Kuoga.

Nilisimama. Nikasema kwa sauti, "Huyo mwongo, tulitumwa maji!" Shemeji mkubwa, kaka wa marehemu mume wangu, akanishika bega. "Shemeji, kaa chini. Una uchungu. Usimvunjie mgeni heshima msibani." Watu wakanitazama kama wanavyomtazama mtu aliyepandwa na homa. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka, hakuinua kichwa.

Jioni, watu walipopungua, aliniita ndani. Akaniuliza kwa Kisukuma, polepole, kama mtu anayeogopa jibu, kama binti yake alivua nguo mbele ya wanaume wa watu.

"Hapana, mayu, mama yangu. Alikuwa na gauni lake. Alikuwa na ndoo. Tulichota maji ya chai."

Kisha akasema, "Mbona mtu mkubwa vile amesema alikuwa anaoga? Atapata faida gani kumsingizia maiti?"

Faida yake naijua sasa. Aliyekwenda kuoga amejipeleka. Aliyetumwa maji ana aliyemtuma.

Plasta ilipotolewa nilirudi kule, peke yangu. Mkono umeunga kombo, mwiko mzito siushiki tena. Msimamizi hakuniita ndani. Tulisimama getini.

"Mama," akasema, "mimi sifugi mamba. Mamba ni wa serikali. Kamuulize mwenye mamba."

Nikaenda kwa mwenye mamba. Yule bwana wa hifadhi alinipa kiti, akaninunulia soda, akanisikiliza vizuri kuliko wote. Alipomaliza kunisikiliza akasema, "Mama, mamba ni wetu, hatukatai. Lakini samaki waliomzoeza si wetu. Na ndugu yako aliingia majini ndani ya hifadhi bila kibali, kwa hiyo hata kifuta machozi cha serikali hakiwezi kutoka."

"Ulikwenda kuwakataza au hukwenda?"

Akazungusha chupa ya soda mezani. "Sina kumbukumbu ya hilo."

Mwongoza ndege nilimpata kwa simu. Alihamia kambi nyingine. Alilia, nilimsikia analia. Akasema, "Mama yangu, niliagizwa. Nina mke, nina watoto." Nikamwambia hata wifi alikuwa na mtoto. Akakata. Yule dereva ananiambia huko alikohamia samaki bado wanajazwa mabua, na mluzi ni ule ule.

Binti wa wifi yuko darasa la tano. Mwaka huu alirudi kutoka shuleni amechaniwa sweta, amepigana. Kuna mtoto alimwambia mama yako aliliwa na mamba akiwa uchi. Maneno yametoka Bujora yakavuka mji mzima mpaka Mkuyuni, kwa sababu mwanamume mmoja alisimama msibani akalinda kazi yake.

Watu wananiambia, mama fulani, mwachie Mungu. Mungu hakunituma maji. Wananiambia nitafute wakili. Mimi darasa la nne, wakili nitamwambia nini, na shahidi pekee aliyesikia nikiambiwa chota yuko kaburini? Mwalimu wa Bukoba ananipigia kila mwezi, amesema yuko tayari kusimama popote aseme kwamba aliona ndoo. Aliona ndoo mbili. Hakuna aliyemwita.

Mama mkwe macho yamekwisha sasa. Nikifika namsalimia, "Mwangaluka, mayu," anaitikia, ananipapasa ule mkono uliopinda, kisha anauliza swali lile lile. Alikuwa na nguo? Namjibu. Namwona anataka kuniamini, anashindwa, maana mimi ni mkaza mwana tu, na aliyesema vingine alikuja na gari na akapewa kiti cha mbele.

Anakwenda huyu mama. Mwaka huu au ujao, anakwenda, na atakwenda na aibu isiyo yake.

Kwa hiyo wewe msimamizi, najua hii itakufikia, mjini hapa maneno hayapotei. Sikudai mchele. Sikudai mkono wangu. Njoo kwa yule mama, mlete na kijana wako wa mluzi, na huyo mwenye sare aje asimame nyuma yenu. Mumwambie mkiwa mmesimama, mbele ya mjukuu wake na mbele ya shemeji yangu aliyenikalisha chini: nani alisema chota pale, nani alirusha samaki, nani alijua akanyamaza. Kisukuma kama hamjui nitatafsiri mimi. Mje akiwa bado anasikia.