Fundi, Wewe Mchawi!

Shangazi yangu alikuwa fundi cherehani, na sifa aliyopewa kuliko zote ilikuwa moja: "Fundi, wewe mchawi!" Mteja alivaa gauni, akajigeuza mbele ya kioo, akaona amepata kiuno ambacho hakuzaliwa nacho, basi neno likamtoka. Shangazi naye alikuwa na jibu lake. Bila kuinua uso kwenye cherehani alisema, "Nimeshakuloga. Huendi tena kwa fundi mwingine." Tukacheka wote, nami nikiwa kwenye kigoda changu natia vifungo.

Nalisema hili mapema kwa sababu utani ule ulikuja kututokea puani.

Shangazi hakuolewa. Alibaki na baba yake, yaani babu yangu, akamwogesha na kumlisha mpaka alipofariki, na babu akamwachia nyumba. Chumba cha mbele, kinachotazama njia panda, ndimo tulimoshonea: cherehani chini ya dirisha, pasi ya mkaa, kioo chenye ufa, na nyuma ya mlango mfuko mkubwa wa vipande vya nguo. Shangazi hakutupa kipande. Mteja akirudi na nguo iliyochanika, alitia mkono mfukoni akatoa kitambaa kilekile na kuziba hata usijue palipotoboka. Uchawi wake wote ulikuwa huo.

Baba Mdogo, mdogo wake wa tumbo moja, aliitamani ile nyumba wala hakuficha. Alikuwa akisimama mlangoni, anapima kwa macho.

"Dada, hapa pangefaa duka."

"Hapa pana fundi," Shangazi alimjibu, na sindano iko mdomoni.

Kisha Kidoti akafa. Alikuwa binti pekee wa jirani yetu, tukamwita hivyo kwa alama ndogo aliyokuwa nayo shavuni. Mama yake alimleta ashonewe gauni la njano. Mtoto hakutulia hata kidogo. Futi ikimgusa kwapani anacheka na kujikunja, ikabidi Shangazi ampime tena. Gauni lilipokamilika lilimkaa kama amezaliwa nalo. Mama Kidoti akapiga makofi, "Fundi, wewe mchawi!" Shangazi akamjibu kama kawaida yake. Siku chache baadaye mtoto alishikwa na homa, akafikishwa hospitali amechelewa, na hakurudi.

Daktari alimweleza mama ugonjwa ulivyokwenda. Lakini homa haina uso, huwezi kuifuata nyumbani kwake ukaikemea. Mama Kidoti akaenda kwa mganga. Huko akaambiwa achome kila kitu alichovaa mtoto, na kwamba mkono uliofanya kazi ile ni wa mwanamke wa karibu. Mtaa wetu umejaa wanawake wa karibu! Aliyewasaidia watu kuchagua ni Baba Mdogo. Hakumtaja mtu, huyo. Alikuwa akiuliza tu, palipo na watu: "Hivi vile vipande huwa anaviweka vya nini? Na mtoto mmoja anapimwaje mara mbili?" Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na sisi tunaoshinda na nguo mikononi ndio tulikuwa wa mwisho kuangalia.

Wateja walianza kuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijakatwa. Mmoja anasafiri, mwingine ana mgonjwa, wa tatu hata uongo hakujisumbua kuutunga. Watoto wakaanza kuvuka barabara ili wasipite dirishani petu.

Marehemu bibi alitusimulia juu ya mambo haya. Mwaka mmoja wa ukame, bustani zote zikakauka isipokuwa ya mjane mmoja aliyeimwagia maji ya kuoshea vyombo. Wakasema ameifunga mvua. Walimfukuza kwa mawe, na bustani ikachukuliwa na yule aliyepiga kelele kuliko wote. Zamani zaidi, ndui ilipopita, walimkamata mzee mwenye mbuzi wengi, lakini mbuzi wake hawakuogopwa, waligawanywa. Nimezisikia nyingi hadithi hizi. Sijasikia hata moja yenye mchawi mwenye wana wanne wa mabavu. Siku zote ni mtu asiye na wa kumtetea, na ana kitu ambacho jirani anakitaka.

Walikuja mchana kweupe, jua likiwaka. Nilisikia miguu kwanza, kisha mlango ukajaa watu. Mbele alikuwa Mama Kidoti, amekonda, kanga imemlegea. Nyuma yake kijana mmoja alishika kidumu cha petroli, na pikipiki hana. Baba Mdogo alikuwa pembeni, mikono nyuma kama mgeni.

"Toka nje, mama!" sauti ikapigwa.

"Ngojeni nimalize pindo," Shangazi alisema, na kweli akaendelea kukanyaga cherehani. Nilitamani kumkumbatia, nikatamani kumfinya.

"Dada," Baba Mdogo akaanza kwa upole, "mimi sisemi kitu. Ungeondoka kidogo mambo yapoe. Nyumba nitakulindia."

"Fisi alinde bucha!" nilifoka.

Mama Kidoti alisogea mpaka kwenye cherehani. "Si ulisema mwenyewe? Ulisema umeniloga. Kwa kinywa chako."

Cherehani ikanyamaza. Shangazi akainua uso.

"Nilisema," alisema.

"Amekiri!" wakapiga kelele mlangoni. "Amekiri mwenyewe!"

"Ulikuwa utani, mwanangu. Wewe ulisema wako, na mimi nikasema wangu."

Nani angemsikia? Mtu alishauburuta ule mfuko na kuumwaga sakafuni. Vipande vikatapakaa, na kila jicho likaona lake. "Hiki changu!" "Hiki cha suruali ya marehemu mume wangu!" Kila kitambaa kikawa shahidi. Kijana akafungua kidumu, harufu ya petroli ikajaa chumba kizima, na mkaa ulikuwa bado unawaka ndani ya pasi. Niliisukuma pasi kwa mguu mpaka chini ya meza.

Kisha mtu akainua kipande cha njano. "Cha mtoto hiki hapa!"

Mama Kidoti alikinyakua. Nikajua tumekwisha. Lakini hakukipunga wala hakukitupa. Alikibandika usoni akavuta pumzi.

"Nilichoma zote," alisema, na alikuwa akisema na kitambaa, si na sisi. "Waliniambia nichome zote. Sikubaki hata na soksi."

Shangazi alishuka kitini, akapiga magoti kwenye ile chungu ya vipande, akachakura kwa mikono miwili huku kidumu kikiwa juu ya kichwa chake. Akatoa mkono mzima wa gauni, mdogo, wa njano, haukuwahi kuunganishwa na gauni.

"Huu niliukosea," alisema. "Alikuwa anacheka, futi ikateleza, mkono ukatoka mkubwa. Ndiyo maana nilimpima tena. Chukua, mama. Ni wako."

Mama Kidoti aliutia mkono wake mle ndani, ukaishia kwenye vidole. Akakaa chini palepale akalia, kilio ambacho hata siku ya mazishi hakikumtoka. Shangazi akamshika. Kijana alifunga kidumu chake taratibu, kama mtu anayeona haya. Watu wakaondoka mmoja mmoja, ila kabla ya kuondoka kila mtu aliinama akaokota vipande vyake akavitia mfukoni mwake.

"Mimi niliuliza tu," Baba Mdogo alisema, akawa wa mwisho kutoka.

Nyumba bado ni ya Shangazi. Hakuna aliyeomba radhi. Wateja walirudi, kwa sababu uchi hauna subira, lakini sasa husimama mezani mpaka wafungiwe mabaki yao yote, hata kipande cha ukubwa wa ukucha. Mfuko nyuma ya mlango ni mtupu.

Juzi aliingia msichana aliyehamia mtaani karibuni. Alivaa gauni lake, akajigeuza kiooni, akaona kiuno, akacheka kwa furaha.

"Fundi, wewe mchawi!"

Kifungo kiliniponyoka. Shangazi aliinuka, akafunga mlango, akafunga na dirisha, kisha akaishika mikono yote miwili ya yule binti.

"Mwanangu," alimnong'oneza, "nakuomba. Sema tu najua kushona."