Santuri ya Ami Saidi

Bado naikumbuka ile Jumapili, mwanangu. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nafanya kazi huku ughaibuni, kwenye kiwanda cha magari pale Washwood Heath. Sasa pamebomolewa, wanaandaa karakana ya treni za mwendo kasi. Nilikaa chumba kimoja na Ami Saidi, Mzanzibari mwenzangu, baharia aliyestaafu. Alikuwa na santuri aliyoinunua Ajentina, muziki wa tango. Tango la kucheza, si la kachumbari. Maneno yake alinifasiria mwenyewe: binti anampenda kijana, baba wa kijana anamwendea kwa siri, anamsihi amwache mwanawe. Binti anakubali, anajidai hampendi tena, na anakufa peke yake. Kisa chenyewe, alisema, kilitoka kitabuni.

Machozi yalikuwa yakinilengalenga kila nikiusikia, na mara kisa kama hicho kikanikuta na mimi. Baba yake Salma, binti niliyempenda kule Acocks Green, aliniita pembeni. "Binti yangu anasomea uuguzi. Wewe ni wa kufunga nati. Kama unampenda kweli, mwache." Nikakubali. Nikajiona muungwana kabisa.

Jumapili hiyo nilipomweleza Ami Saidi, aliinua sindano, muziki ukakatika.

"Na Salma kasemaje?"

"Hajui, Ami. Nitamwambia simtaki tena."

"We Hamadi! Muda wote huu unaulilia wimbo na hujausikia? Wawili wamekaa wakaamua, wa tatu akadanganywa. Nenda kamuulize mwenyewe."

Nilipanda basi mpaka kwao. Salma alinisikiliza mlangoni mpaka mwisho, uso kaukunja.

"Kwa hiyo mmeshaniamulia, wewe na baba?"

Akageuka, akamwita baba yake. "Baba, mimi namtaka huyu. Na uuguzi nitaumaliza."

Mzee hakuitikia salamu yangu karibu mwaka mzima. Siku ya nikaha alilia kuliko wanawake wote.

Sasa nasikia umemblock Farida kwenye WhatsApp, kwa kuwa mama yake hakutaki. Mwanangu, usimwamulie mtu maisha yake halafu ukasema ni mapenzi. Mpigie. Mwambie ukweli wote, na kama ni kukataa, akatae yeye mwenyewe. Huzuni hiyo utaiweza. Ile ya kumdanganya itakutafuna taratibu.

Haya, nenda baba. Mola akufungue ulimi, amlainishe moyo mama yake, na akupe wa kuzeeka naye, kama alivyonipa mimi Salma.