Kitako cha Mlango wa Mama Ntumba

Najua utasema njaa ya mwaka ule ilinichezea akili. Hata mimi nilijiambia hivyo. Nilisoma fizikia chuo kikuu hadi walimu walipoacha kuja kwa kukosa mishahara, na siamini kitu nisichoweza kukipima. Lakini hili nililiona mchana kweupe, hapa mtaani kwetu Katuba, nikiwa nimeshiba.

Ni wakati majirani zetu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga. Nilikuwa nikifufua platini za zamani, mashine za kuchezea santuri, zile ambazo mota huzungusha sinia ya kuwekea santuri moja kwa moja bila mkanda. Makasha yake ya plastiki hutetemeka, basi nilizichongea kitako kizito cha mti wa mukula. Juu ya sinia nilitandika duara la mpira nililokata kwenye ukanda mchakavu wa kubebea mawe mgodini. Sauti ilitulia kabisa.

Mbao zilipokosekana, rafiki yangu Kabwe akaniletea mlango wa mukula. Niliutambua. Ulikuwa wa Mama Ntumba, jirani aliyekwenda stesheni na wanawe wawili kusubiri treni.

"Kabwe, hii iko na mwenyewe."

"Wee profesa! Benyewe banaenda. Mulango haitakulilia!"

Nikacheka. Nikakata.

Kitako kipya hupimwa kwa kugonga: kikilia kama ngoma, hakifai. Nikagonga mara mbili. Ndani ya ubao mwanamke akajibu, "Nani?"

Nikaugeuza ubao. Nikachungulia chini ya meza. Wewe ungefanya nini? Mimi nikagonga tena.

"Ninakuya."

Nilipoinua macho, Mama Ntumba alikuwa mbele yangu, vumbi jekundu hadi magotini. Sikuona kivuli chake. Ni saa sita, nikajiambia, vivuli huwa vifupi.

"Yambo, mutoto yangu. Unisaidie mulango yangu. Batoto banalala, nataka nifunge."

"Mama, hamukupanda treni?"

Akapitisha kiganja juu ya vipande vya mbao, kimoja kimoja. "Ulishaikata?"

Umeme haukuwapo tangu jana yake, niamini, lakini sinia ya platini mezani ikaanza kuzunguka polepole, kinyume. Nikaigeukia. Nilipomgeukia tena Mama, hakuwapo.

Nilikimbia hadi stesheni. Dada yake, aliyekaa juu ya mizigo, alinitazama kama mwendawazimu. Akaniambia Mama Ntumba alizikwa siku tatu zilizopita, yeye na watoto wote wawili. Kuhara kuliwaua palepale stesheni.

Platini ile sikuimaliza. Nilibomoa kitanda changu, nikachonga mlango, nikautia kwenye nyumba yake tupu na kuuacha wazi. Asubuhi niliukuta umefungwa kwa komeo, kwa ndani. Nyumba haina mlango mwingine, na madirisha yote yana nondo. Nimetafuta maelezo miaka yote hii, na bado sina.

Basi wewe unayechonga, ukiletewa mbao za nyumba ya waliofukuzwa, usizipokee. Na usijidanganye kwamba hawatarudi.